Njiti ya Ijumaa

Juzi alikuja kijana mmoja hapa barazani kwangu, Cibitoke, na vitambaa vyeupe vya leso, akaomba nimkunjie mapindo. Kazi ndogo hiyo. Nikavuta kiti, nikatia uzi, na nilipokuwa nimeshaanza cha kwanza akainama sikioni kwangu akanong'ona kama mtu anayeagiza bangi: "Tantine, kona moja usifunge. Uniachie kashimo kadogo tu, njiti ya kiberiti ipite." Mguu wangu ukasimama juu ya cherehani. Akacheka, akanieleza kwamba yeye hufanya mazingaombwe kwenye harusi, na kwamba watoto wanapenda sana ule mchezo wa njiti inayovunjika halafu inapona. Nikamrudishia vitambaa vyake. Nikamwambia aende kwa fundi mwingine, mafundi hawajaisha Bujumbura. Alinitazama kama anayemtazama mwehu, akaenda zake. Nami nikabaki na harufu puani, harufu ya vichwa vya kiberiti vilivyolowa maji, na hapo barazani hakuna aliyekuwa amelowesha kitu.

Huo mchezo naujua. Nilikulia chini yake.

Nilipoanza kupoteza meno ya mbele, mama alianza kukohoa, na mimi nikapelekwa kukaa kwa kaka yake, mjomba Sefu, fundi wa nguo. Hakuna aliyeniambia mama anaumwa. Walisema anapumzika. Sisi watoto wa wakati ule hatukuambiwa kitu, tuliokota maneno chini kama kuku, na ukionekana umeokota unapigwa. Mjomba alikuwa mwembamba, nadhifu, anayejipenda, na kama kuna kitu alichokiogopa duniani ni kuchekwa. Njaa aliivumilia. Kuchekwa, aka! Mkewe, Mama Zubeda, hakuwahi kunipiga hata mara moja, lakini mdomo wake ulitosha.

Kazi yangu ilikuwa kufumua uzi kwenye nguo kuukuu, kushona vifungo, na kuwasha pasi ya makaa. Pasi ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa naipuliza mpaka macho yanatoka maji na majivu yananijaa kwenye nyusi. Nikilia, Mama Zubeda alisema, "Lia tu, mutoto. Angalau machozi inazima cheche."

Ijumaa, baada ya sala, wanaume walikaa barazani kunywa chai. Alikuwepo pia Deo, fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya njia. Yeye alikuwa Mkristo, kwa hiyo sala haikumhusu, lakini chai ilimhusu sana. Mjomba alikaa katikati na kanzu yake nyeupe, na walipomaliza habari za mjini aliniita: "We, Hadija! Kuja hapa. Kuja uone mama yako."

Alitoa njiti moja kwenye kiberiti. Alinipa niishike, niwaonyeshe wote kwamba ni nzima. Akatoa leso mfukoni, nyeupe, iliyopigwa pasi na mimi, akaiweka njiti katikati, akakunja huku na huku, akanipa niishike juu ya kitambaa. "Unaisikia?" Naisikia, mjomba. "Vunja." Nilivunja. Ilifanya kwa! mkononi mwangu, sauti ndogo kama ya mfupa wa ndagala, vile visamaki vya ziwani, na moyo wangu ulikatika nayo kila wiki. Kisha mjomba alimumunya maneno fulani ambayo hayakuwa dua, kwa sababu dua nilikuwa nazijua, akaikung'uta leso, na njiti ikaanguka mezani ikiwa nzima. Hata mkwaruzo haina.

"Haya," alisema. "Mama yako amepona wiki hii. Amekunywa uji."

Lakini kulikuwa na Ijumaa nyingine. Kama niliunguza kola ya mteja, au kifungo kilidondoka, leso ilifunguliwa na njiti ikatoka vipande viwili. Mjomba alitikisa kichwa kwa huzuni. "Unaona sasa? Unafanya kazi mubaya, mama anaumia." Basi wiki inayofuata nilifanya kazi kama punda wa kukodi. Nilipiga pasi hadi matambara ya kufutia cherehani. Wanaume walicheka mpaka chai ikawapalia. Deo alisema, "Sefu, we uko mubaya, ona vile mutoto anatetemeka," huku naye akijifuta machozi ya kicheko.

Kila mtu pale alijua ni mchezo, ingawa jinsi ulivyofanyika hawakujua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nauguza mgonjwa.

Siku moja nikaokota neno. Mama Zubeda alikuwa jikoni na jirani, akasema, "Kule Carama hali si nzuri." Jirani alipoondoka nikauliza Carama ni wapi. Mama Zubeda alikuwa anachagua maharage, mikono imejaa, akainua kidevu tu kuelekea magharibi, kwenye ile milima ya buluu ng'ambo ya ziwa. "Kule," akasema. "Kuna mito, kuna mamba. Watoto hawafiki." Mtu yeyote wa Bujumbura anayenisoma anajua kwamba ile ni milima ya Kongo. Mimi sikujua. Nilikuwa nimepata mahali pa mama, na nilifurahi kwamba ni pazuri, tena panaonekana.

Tangu hapo kila jioni, cherehani ikishafunikwa, nilisimama njiani nikapunga mkono kwenye milima. Nilipunga taratibu ili aone. Jua likizama upande ule nilifikiri amelala, nikarudi ndani. Wapita njia walicheka. Mjomba aliniona mara nyingi. Wala hakucheka, aliniambia, "Umusalimie sana." Sijui kwa nini hilo ndilo linaloniuma kuliko makofi yote. Carama iko upande wa pili kabisa, ukishapita Kinama. Mama alikuwa mgongoni kwangu. Jioni zote zile nilikuwa nampa mgongo.

Leso ilikuwa na sheria yake. Nguo za Ijumaa nilifua mimi siku ya Alhamisi, lakini leso mjomba aliifua mwenyewe, akaianika mwenyewe, ndipo akanipa niipige pasi, katikati tu. "Mapindo apana gusa." Mimi niliona ni haki, kitu cha dawa hakiguswi ovyo. Sasa Alhamisi moja Mama Zubeda alikwenda kwenye hitima, akaniachia beseni la nguo, na leso ilikuwa imesahauliwa ndani ya mfuko wa kanzu. Nilipoifikia ilikuwa imeshalowa. Maji yakawa mekundu kidogo, ya waridi, na ikapanda ile harufu.

Nikaipapasa. Ndani ya pindo kulikuwa na vitu vigumu. Nikatafuta, nikakuta kona moja haikushonwa, na nilipokamua vikaanza kutoka vipande vya njiti. Vingi. Vingine vya zamani vimeoza, vingine vipya, vyote vimevunjika. Nikakaa chini na kitambaa mapajani.

Mtu mzima angeelewa mara moja: njiti anayoivunja mtoto ni ile ya ndani ya pindo, na ile aliyoonyeshwa imelala salama katikati; Ijumaa mbaya anapewa hiyo ya katikati aivunje. Mimi nilielewa pia, lakini kwa akili yangu. Nilijiambia: njiti inapopona, kule kuvunjika kwake kunakwenda wapi? Vipande haviwezi kupotea tu. Basi vinakuja humu. Huu ndio ugonjwa wa mama, mjomba anaukusanya wiki baada ya wiki, na pindo limejaa, ndiyo maana wanasema hali si nzuri. Masikini mjomba, amesahau kumwaga.

Nikakamua hadi kibanzi cha mwisho. Njiti moja ilikuwa bado nzima. Nikafikiri huo ni ugonjwa wa kesho, nikautoa nao. Nikafungua pasi, makaa yalikuwa mekundu, nikavitia vyote. Vililia tsss, vikatoa moshi, na ile nzima ikawaka kwa mwali mdogo wa haraka. Nikapuliza. Siku hiyo machozi ya pasi sikuyasikia. Nilipiga kanzu ya mjomba kwa moto uleule nikiimba kaswida za madrasa. Nasema waziwazi: sijawahi kufurahi vile tena, si siku ya harusi yangu, si siku nilipojifungua.

Leso niliipiga pasi katikati tu, nikairudisha mfukoni kama ilivyokuwa.

Kesho yake baraza lilijaa. Mjomba aliniita, nikaenda mbio. Njiti, leso, akakunja, akanipa. "Unaisikia?" Nikabana. Kitambaa kitupu. "Siisikii, mujomba." Akatabasamu, akaigeuza. "Sasa?" Hakuna. Nikaona vidole vyake vinaanza kutembea kwenye pindo, kona hadi kona, vinarudi, vinatembea tena. Shingo ikamtoka jasho. Deo akaanza: "Ee Sefu! Leo jini yako imeenda kongé, imepumzika?"

Wakacheka. Mimi nikamwonea huruma, nikataka kumsaidia mbele ya wenzake.

"Mujomba, apana sumbuka," nikasema kwa sauti, ili wote wasikie habari njema. "Vijiti ya mu pindo nimetoa yote. Nimechoma mu pasi. Mama amepona."

Lo! Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Deo alijipiga mapaja. Mwingine alimwaga chai. "Kumbe mu pindo!" walisema. "Kumbe mu pindo, Sefu, mutoto amekufumua!" Mjomba alisimama akiwa ameshika leso, na uso wake ulibadilika rangi mpaka nikafikiri anaugua. Akanishika sikio. Akalisokota, akanigeuza niwatazame.

"Mucheke tu," akasema. "Mi nilikuwa nafunga ugonjwa ya dada yangu mule ndani. Munafikiri ni muchezo? Huyu ameichoma. Amemuchoma mama yake. Akifa, mutajua ni nani."

Kicheko kikakatika. Hata Deo alitazama chini kwenye kikombe. Hakuna aliyesema, Sefu, acha, huyu ni mtoto. Walijua pindo ni pindo, walikuwa wamelicheka sasa hivi, lakini neno la kifo likishasemwa mezani nani atathubutu kulirudisha? Mjomba alichagua waogope kuliko wacheke, na aliyelipia ni mimi.

Sikula siku ile. Nilifungua pasi, nikakwangua majivu yote, nikayafunga kwenye kitambaa, nikampelekea kwenye cherehani. "Mujomba, ni hii. Rudisha mu pindo." Aliyatazama. Nakumbuka alikuwa na pini mdomoni na akazitoa kwanza, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo wa pini. Kisha akainama akayapuliza majivu, yakaruka njiani.

"Umechelewa," akasema, akarudi kushona.

Mama alifariki kabla ya Ijumaa nyingine. Nilijua pale wanawake walipoingia bila kubisha hodi. Mama Zubeda akanifunga mtandio, akanishika mkono, na tulipofika njiani mimi nikageukia ziwani, kwenye milima. Akanivuta. "Unaenda wapi? Carama ni huku."

Tukaenda kwa miguu. Tukapita Kinama, yakaanza mashamba ya mihogo, na mara tukaona watu. Kilichonishtua si watu. Nilishtuka kwamba sikuwa nimechoka. Ningeweza kwenda na kurudi maharage yakiwa bado jikoni. Hapakuwa na mto wa kutisha wala mamba, na mama walikuwa wameshamzika.

Bibi yangu, aliyekuwa akimuuguza mama, alinikumbatia, akanishika mashavu, akasema kitu alichodhani ni cha kunifariji. "Alikuwa anakuuliza kila siku. Sefu akatuambia mutoto anaogopa wagonjwa, hataki kuja."

Jioni wanaume walikaa nje kwenye matanga, na mtu akaomba kiberiti wawashe kuni. Mjomba akatoa chake. Nilikuwa nimesimama mbele yake, tukatazamana. Hapo angeniambia. Neno moja lingetosha: mchezo. Hadija, ulikuwa mchezo. Hakusema. Akaikwaruza njiti, akaikinga upepo kwa kiganja, akawasha moto.

Nilikua na hilo. Nilijua nimemuua mama yangu, kama vile wengine wanavyojua wana kovu gotini. Sikumwambia mtu. Nilikuwa mwanamwali tayari, niko kwa mwalimu wa kushona, siku tuliyofundishwa kukunja pindo. Mwalimu alisema tusisahau kufunga kona, kwa sababu kona ikiachwa wazi pindo linakuwa mfuko. Akaingiza sindano ndani kutuonyesha, ikapotea. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka akanitoa nje, na nje ndipo nikatapika.

Kwa hiyo akili yangu ilijua tangu siku hiyo. Mwili ndio haukuambiwa. Hata leo kitu kidogo kikivunjika karibu yangu, mguu unasimama juu ya cherehani.

Mvua zilizopita, Idi, mtoto wa mjomba, alinipigia simu. Idi amefanikiwa, amejenga Kibenga karibu na ziwa, na baba yake mzee anakaa kwake. Akasema, "Papa anaumwa. Kesho wanamupasua tumbo. Anakutaja we tu." Nikaenda. Kwetu mgonjwa akikuita huwezi kukataa, hata kama ni yeye.

Alikuwa amelala karibu na dirisha, amebaki mifupa na macho. Alisubiri Idi atoke. Kisha akasema, "Hadija, uko na kiberiti?"

Nikajua papo hapo. "Kipo jikoni, mujomba. Cha nini?"

Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa leso. Ileile au ndugu yake, sijui, imekuwa ya kijivu na kona imechakaa nyuzi zinaning'inia. Alikuwa anatabasamu, akijifanya ni utani wa watu wa zamani, lakini aliisukuma leso mkononi mwangu. "Unifanyie. Kama zamani. Nione kama nitapona." Halafu akaongeza, "Kona imeharibika. We ni fundi, utengeneze kwanza."

Sindano na uzi havitoki kwenye mkoba wangu. Nikaleta kiberiti, nikakaa kwenye mwanga. Yeye alifumba macho. Nikashona ile kona polepole, vizuri, mshono mdogomdogo kama alivyopenda mwenyewe, nikalifunga pindo lote pande zote, nikakata uzi kwa meno. Nikaweka njiti katikati. Nikakunja. Nikamwekea mkononi.

"Unaisikia, mujomba?"

"Naisikia."

"Vunja."

Ikafanya kwa! Nikaikung'uta leso juu ya shuka, vikaanguka vipande viwili.

Alivitazama. Kisha akanyoosha mkono akachukua leso, na vidole vikaanza kutembea kwenye pindo, kona hadi kona, vinarudi, vinatembea tena.

"Pindo..." akasema.

"Nimelifunga. Si uliniambia nitengeneze?"

Yule mtu aliutengeneza uongo ule kwa sindano yake mwenyewe. Alijua hakuna dawa, hakuna jini, kuna kashimo tu. Na bado midomo yake ilianza kucheza kama ya mtoto. Akaniangalia, akisubiri nimwambie neno moja. Nilikuwa nalo. Nikakunja miwani yangu, nikamtakia usiku mwema, nikatoka. Sitawadanganya, nilifurahi. Nilinunua karanga njiani, nikazila zote kwenye basi.

Akapona. Ndiyo! Daktari akampasua, akamshona, na baada ya siku chache Idi akanipigia kwa furaha, Papa amekaa, Papa ameomba samaki, mukeke wa kuchoma, ameumaliza. Kwanza nilikasirika, nikaona kwamba hata hapa mzee ameshinda. Nikakaa kwenye cherehani bila kushona. Njiti yake ilivunjika na yeye anakula samaki. Za mama zilipona Ijumaa ngapi na hazikumsaidia kitu. Basi na zile nilizochoma hazikumuua. Nilirudia hilo kwa sauti, peke yangu, mpaka mwili nao ukasikia, na nikalia kama nilivyopaswa kulia Carama.

Jioni ile nilitoka njiani. Milima ya Kongo ilikuwepo, buluu, mizuri kama siku zote, nikaipa mgongo. Nikapunga mkono upande wa Kinama, taratibu, ili aone. Jirani aliyekuwa anapita akauliza namuaga nani. Nikamwambia simuagi mtu, namsalimia mama.

Mjomba yu hai hadi leo. Idi anasema kuna kitu anakificha chini ya mto, vipande viwili vya njiti, na mtoto wa kazi akitaka kuvitupa mzee anapiga kelele. Aviweke tu. Mimi vyangu nilishavichoma.